Kwa nini surua huja mara moja, na malaria hurudi kila likizo?

Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ameniandikia barua ndefu ambayo ninaifupisha hapa kwa maneno yake mwenyewe: "Shikamoo daktari. Mimi nilizaliwa na kukulia Kahe, kule tambarare chini ya mlima, nikaolewa Marangu miaka kumi na miwili iliyopita. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine mitano. Kila tukienda Kahe likizo kumsalimia mama yangu, tukirudi watoto wanaugua malaria, na Pasaka iliyopita mdogo alipata degedege. Mama yangu amepita miaka sabini, analala kulekule kila siku, na sijamsikia akilalamikia homa. Mimi nilipokuwa msichana sikuwa naugua, lakini mwaka jana malaria ilinilaza hadi nikatundikiwa dripu. Surua niliugua mara moja utotoni na haikurudi tena, sasa kwa nini malaria inarudi? Majirani wanasema watoto wa mlimani wana damu nyepesi. Je, niwanunulie ule unga wa kuongeza kinga unaouzwa sokoni?"

Marahaba, mwalimu, na pole sana kwa yaliyompata mdogo. Nianze na jibu lenyewe kabla ya kulieleza. Hakuna chochote katika barua yako kinachoonyesha kwamba watoto wako wana damu nyepesi au kinga dhaifu. Kinga ya mwili hujifunza kila ugonjwa peke yake, na kile inachokikumbuka baada ya kupona hutegemea kwanza kabisa kama kimelea kitarudi na sura ileile. Kirusi cha surua hurudi vilevile siku zote. Kimelea cha malaria hubadilika, tena hubadilika kikiwa bado ndani ya mgonjwa yuleyule, kwa hiyo mwili huhitaji miaka mingi ya kukutana nacho ili kukizoea, na ukiacha kukutana nacho mazoea hayo hupungua. Mama yako, wewe na watoto wako mko katika hatua tatu tofauti za somo hilo moja.

Tuone kwanza kumbukumbu hiyo hujengwaje. Kimelea kinapoingia mwilini, chembe nyeupe za damu zinazofika mapema ni zile zisizochagua, ambazo humeza karibu kila kitu kigeni. Élie Metchnikoff aliiona kazi hiyo mwaka 1882 huko Messina, Italia, alipowachoma mabuu wa kiti cha pweza kwa miiba na kukuta chembe zimejikusanya kuuzunguka kila mwiba. Chembe hizi huanza kazi ndani ya saa chache, na sehemu kubwa ya joto unalolisikia ukimgusa mtoto shingoni husababishwa na kemikali zinazotolewa na chembe hizo zenyewe katika mapambano hayo. Lakini hazikumbuki mengi. Wanaokumbuka ni kundi jingine la chembe nyeupe, yaani limfosaiti, na kila moja huzaliwa na kipokezi chenye umbo lake, kinachoweza kushika kitu kimoja au vichache vinavyofanana nacho. Mwili huzalisha mamilioni ya maumbo hayo kabla haujajua utakutana na maradhi gani, kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa namna ambayo Susumu Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kuieleza.

Umewahi kumpapasa mtoto chini ya taya akiwa na maumivu ya koo? Zile tezi zilizovimba, zinazoteleza chini ya vidole na kumfanya avute shingo ukizigusa, ndimo kazi hiyo inamofanyika. Vipande vya kimelea hupelekwa humo, limfosaiti chache ambazo vipokezi vyake vimelingana navyo huamshwa, kisha huanza kugawanyika hadi kufikia maelfu na maelfu. Baadhi yake hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa kimelea na kukizuia kisiingie kwenye chembe za mwili, na nyingine huua moja kwa moja chembe zilizokwisha kuambukizwa. Maandalizi haya huchukua kati ya siku 7 na 14 mwili unapokutana na kimelea kwa mara ya kwanza, na katika siku hizo ndipo ugonjwa unapotuangusha. Tukishapona, limfosaiti nyingi hufa, ila chache hubaki kwa miaka, baadhi zikikaa ndani ya uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili kidogokidogo. Kimelea kilekile kikirudi, mwili hujibu kwa siku chache tu, mara nyingi kabla mwenyewe hujahisi lolote.

Kwamba kumbukumbu ya surua hudumu maisha yote tumeijua muda mrefu kabla ya kuzijua limfosaiti. Mwaka 1846 surua ililipuka katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, na serikali ya Denmark ikamtuma daktari kijana, Peter Ludwig Panum, kwenda kusaidia. Visiwa hivyo havikuwa vimeona surua tangu mwaka 1781. Kati ya wakazi wasiozidi 8,000, takriban 6,000 waliugua, lakini wazee waliougua mwaka 1781 hawakuugua tena. Panum aliwatafuta na hakumpata hata mmoja aliyeambukizwa mara ya pili. Nauthamini sana ushahidi huu, kwa sababu katika miaka 65 iliyokuwa katikati hapakuwa na surua yoyote visiwani ya kuikumbusha miili yao, na bado ilikumbuka. Sababu ni kwamba protini ambayo kirusi cha surua hutumia kujishikiza kwenye chembe zetu haivumilii kubadilika, kwani ikibadilika sana kirusi hushindwa kuingia. Ndiyo maana chanjo iliyoanza kutolewa mwaka 1963, kutokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mgonjwa mmoja huko Boston mwaka 1954, ingali inazuia surua ya leo hapa Kilimanjaro.

Hata hivyo, usije ukahitimisha kutokana na hayo kwamba kuugua surua ni njia nzuri ya kupata kinga. Kirusi hicho hushambulia limfosaiti zenye kumbukumbu zenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto ambao hawakuwa wamechanjwa, ulionyesha kwamba baada ya surua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Mtoto hupona vipele, lakini mwili wake huwa umesahau sehemu ya mambo uliyokwisha kujifunza, na nimonia au kuhara humkuta akiwa hana kinga aliyokuwa nayo mwezi uliopita. Chanjo hutoa kumbukumbu ya surua bila kufuta nyingine. Kwa hiyo itazame kadi ya kliniki ya kila mtoto: dozi ya kwanza ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, wakati kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma zimekwisha kupungua na haziwezi tena kuizima chanjo, na ya pili akiwa na miezi 18. Ile ya pili husahaulika mno, kwa kuwa mtoto huwa ameshaanza kutembea na safari za kliniki zimepungua.

Mafua hurudi kwa sababu nyingine kabisa. Kundi moja tu la virusi vya mafua ya kawaida lina aina zaidi ya 150, na kila moja ni ngeni kwa mwili usiowahi kukutana nayo. Pepopunda nayo haiachi kinga yoyote hata kwa aliyenusurika, maana sumu yake huweza kuua kwa kiasi kidogo mno, kisichotosha hata kuiamsha limfosaiti. Aliyepona pepopunda anapaswa kuchanjwa kama mtu mwingine yeyote.

Sasa tuje kwenye malaria, ambayo ndiyo shida yako.

Slaidi ya damu ya mtoto mwenye malaria, ikishapakwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, huonyesha chembe nyekundu zilizopauka, na ndani ya baadhi yake pete nyembamba ya rangi ya buluu yenye nukta nyekundu ukingoni. Hicho ndicho kimelea kichanga cha Plasmodium falciparum, kile kinachosababisha karibu malaria yote kali nchini kwetu. Kimelea hicho hukua ndani ya chembe kwa takriban saa 48, kisha chembe hupasuka na kumwaga vimelea vipya, mara nyingi zaidi ya kumi na tano, na kila kimoja hutafuta chembe nyingine ya kuingia. Tatizo lake ni bandama, ambayo huchuja na kuharibu chembe nyekundu zilizoharibika umbo. Ili kuikwepa, kimelea kinapokomaa huchomoza protini nata juu ya chembe kilimojificha, na protini hiyo huigandisha chembe kwenye kuta za mishipa midogo isisafiri hadi kwenye bandama. Ndiyo maana katika slaidi tunaona karibu pete changa peke yake, kwani vilivyokomaa vimeganda ndani ya viungo. Vikiganda kwa wingi kwenye mishipa ya ubongo, mtoto hupoteza fahamu.

Protini hiyo nata ndiyo ambayo kinga ya mtoto huiona na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Lakini kila kimelea kina jeni zipatazo 60 za kuitengeneza, kila jeni ikitoa sura tofauti, na hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Ni kama mtu mwenye kanga sitini sandukuni ambaye hutoka na moja tu kila siku: kingamwili zinapokuwa zimeifahamu ya jana na kuwamaliza wengi walioivaa, wachache waliokwisha kubadilisha huzaliana upya. Tena mbu mwingine wa Kahe atamletea mtoto kimelea cha ukoo tofauti, mwenye sanduku lake na kanga zake. Kuzijua nyingi kiasi cha kuwa salama huchukua miaka mingi, na miaka ya mwanzo ya somo hilo ndiyo inayoua, kwa kuwa katika maeneo yenye malaria nyingi wanaokufa zaidi ni watoto walio chini ya miaka mitano.

Mama yako amelimaliza somo hilo. Kwamba kinga ya watu kama yeye imo ndani ya damu yao lilithibitishwa mwaka 1961 huko Gambia, wakati Cohen, McGregor na Carrington walipochuja kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima wa huko na kuwadunga watoto waliokuwa na malaria; vimelea katika damu ya watoto hao vilipungua sana. Lakini kinga hiyo ina mpaka, na hapa naomba unisome kwa makini. Haizuii kuambukizwa, bali huvizuia vimelea visiongezeke hadi kuleta homa. Inawezekana kabisa kwamba mama yako ana vimelea wachache katika damu yake bila kuumwa chochote, na mbu anayemuuma yeye saa nne za usiku akaja baadaye kumuuma mjukuu aliyelala chumba cha pili. Kwa hiyo bibi naye alale ndani ya chandarua chenye dawa, ingawa atakuambia kwamba yeye na malaria wameshazoeana. Chandarua chake kinawalinda wajukuu zake.

Wewe ulikuwa na kinga hiyohiyo ulipoondoka Kahe. Kingamwili za malaria hupungua mtu akiacha kuumwa na mbu wenye vimelea, na miaka kumi na miwili ya Marangu ni mingi. Haimaanishi kwamba umesahau kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 malaria ilipolipuka upya katika nyanda za juu za Madagascar, ambako ilikuwa imetokomezwa miaka mingi nyuma, watu waliozidi miaka 40, ambao waliwahi kuambukizwa zamani, walipata nafuu kuliko vijana. Kinga dhidi ya malaria ya kuua huchelewa kutoweka, bali ile inayozuia homa ya kawaida huondoka mapema zaidi. Hayo yanalingana na yaliyokupata: ulilazwa, ukatundikiwa dripu, ukapona. Niongeze jambo moja kwa wanawake wanaosoma haya wakiwa wajawazito. Kondo la nyuma huwapa vimelea mahali papya pa kuganda, wakitumia sura ya protini ambayo mwanamke hajawahi kukutana nayo kabla ya mimba yake ya kwanza, na hivyo hata aliyekulia Kahe na kuwa sugu hupoteza sehemu ya usalama wake katika mimba hiyo. Dawa za kinga ya malaria zinazotolewa kliniki wakati wa ujauzito zisirukwe.

Watoto wako wao bado wako mwanzoni kabisa mwa somo hilo, na hilo halitokani na damu yao bali na baridi ya kwenu. Kimelea kikishaingia ndani ya mbu hakimfanyi awe hatari siku hiyohiyo. Ni lazima kikue kwanza, na ukuaji huo hufuata joto. Penye nyuzi 25 huchukua takriban siku 12. Penye nyuzi 20 hukaribia siku 28, na mbu wengi hufa kabla ya kuzifikia, na joto likikaribia nyuzi 16 ukuaji husimama kabisa. Kahe iko chini, joto lake ni kubwa, na mifereji ya kumwagilia huwapa mbu maji mwaka mzima. Marangu usiku mnajifunika blanketi. Mtoto aliyezaliwa huko, akishuka Kahe kwa wiki mbili, mbele ya malaria ni sawa na mgeni aliyetoka Ulaya, na anastahili kulindwa kwa uangalifu uleule. Wapo wazazi ambao hufikiri ni afadhali waachwe waumwe kidogokidogo ili wazoee. Nakuomba usilikubali wazo hilo kwa hali yoyote: likizo mbili au tatu kwa mwaka hazitoshi kujenga kinga ya bibi, lakini zinatosha kabisa kumpa mtoto malaria kali, kama ulivyokwisha kuona.

Huenda utauliza kuhusu chanjo. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, mwezi Oktoba 2021, na ya pili, R21, mwaka 2023; ya kwanza ilijaribiwa pia hapa Tanzania, katika vituo vya Korogwe na Bagamoyo. Zote mbili hulenga kimelea kikiwa kinatoka kwa mbu kuelekea kwenye ini, kabla hakijaanza mchezo wake wa kubadilisha sura katika damu. Huanza kutolewa kwa watoto wachanga wa takriban miezi 5, kwa dozi 4, na hupunguza ugonjwa pasipo kuumaliza. Watoto wako wamekwisha kuupita umri huo.

Kuhusu unga wa sokoni, usiununue. Kinga haina kiwango kimoja kinachoweza kupandishwa na kijiko cha kitu fulani, na hata kama ingekuwa nacho, kuipandisha yote kwa pamoja kungekuwa hasara, kwa kuwa pumu na mizio ni matokeo ya kinga inayojibu kupita kiasi, na sehemu ya madhara ya malaria kali yenyewe hutokana na kemikali za kinga ya mgonjwa. Yapo mambo yanayoidhoofisha kinga kweli, kama utapiamlo, ukosefu wa vitamini A, na VVU visivyotibiwa, na kila moja lina dawa yake inayojulikana. Mtoto anayekula maharage, mayai, dagaa na mboga za majani, aliyekamilisha chanjo, tayari amepata kile ambacho muuza unga anadai kumuuzia. Fedha hiyo nunua vyandarua viwili vya kubeba kwenye begi mnaposhuka, kwa kuwa mara nyingi wageni wakija nyumbani kwa bibi vyandarua havitoshi, na wanaolala chini kwenye mkeka ndio hukosa. Na kwa kuwa mdogo amewahi kupata degedege, zungumza na daktari kabla ya likizo ijayo kuhusu dawa za kumkinga katika siku za safari.

Limebaki jambo la siku, ambalo naona ndilo linalowapotezea muda. Baada ya mbu kumuuma mtoto, vimelea hukaa kwenye ini kwa karibu wiki nzima bila dalili yoyote, na homa huanza kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14, pengine baadaye zaidi. Mtoto aliyeumwa na mbu Kahe siku ya Ijumaa Kuu atachemka akiwa amerudi Marangu, shule zimefunguliwa na safari imeshasahaulika, na mhudumu wa zahanati anayejua kwamba huko juu malaria ni chache anaweza kuanza kufikiria mafua au homa ya matumbo. Mwambie tangu mlangoni kwamba mtoto alilala Kahe, na usiku upi. Fika siku hiyohiyo homa inapoanza, usisubiri kesho, kwa maana malaria kwa mtoto asiye na kinga huweza kuwa kali ndani ya saa 24. Omba apimwe kwa kipimo cha haraka au hadubini, na kama kipimo hakikuonyesha kitu lakini homa inaendelea, arudi kupimwa tena kesho yake. Akiandikiwa dawa mseto, apewe na mtu mzima mmoja anayehesabu dozi, pamoja na chakula au maziwa, asubuhi na jioni kwa siku zote tatu, hata kama siku ya pili ameshaanza kukimbia uani. Akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea, akipumua kwa shida au akipata degedege tena, hapo msiende zahanati, mpelekeni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana.